Ramani ya Nyimbo na Nyani wa Lukwambe

Nchi inayosimuliwa hapa haipo, na msomaji aliyewahi kuishi humo anaombwa atulie kwenye kiti chake. Ilikuwa nchi yenye heshima zake zote: bendera, wimbo wa taifa, Mtukufu Rais mmoja tangu ianze, na ramani iliyochorwa na wageni wa zamani. Hiyo ramani ndiyo iliyoleta mambo.

Siku ya sherehe za uhuru Mtukufu Rais alitandaziwa ramani hiyo mezani mbele ya mabalozi, akitaka kuwaonyesha mahali alipozaliwa. Akapatafuta kwa kidole. Akapatafuta kwa miwani. Kumbe kijiji chake kilikuwa kimeangukia kwenye mkunjo wa karatasi, na mkunjo wenyewe ulikuwa umechanika, hivyo mahali alipozaliwa Mtukufu palikuwa tundu tu, mtu angeweza kupitisha kidole akagusa meza. Mabalozi wakatazama pembeni kwa adabu. Kesho yake redio ikatangaza kwamba ramani za kigeni zimepigwa marufuku, kwa sababu hazikuchorwa kwa upendo.

"Ramani ya kweli," alihutubia Mtukufu, "imo vinywani mwa wananchi! Ni mji gani usio na wimbo? Ni mto gani ambao haujaimbwa? Tutaiimba nchi hii mpaka ijichore yenyewe!"

Watu wakapiga makofi, maana ndiyo ilikuwa kazi yao siku za hotuba, na Wizara ya Ardhi ikapewa jina jipya: Wizara ya Ardhi, Nyimbo na Mipaka. Wapima ardhi wakarudisha fito na minyororo yao stoo, wakapewa vinasa sauti. Waziri akawa Mheshimiwa Gaudensi Mlimbila, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, aliyewahi kuimba kwaya na kwa hiyo akahesabiwa mtaalamu.

Mwanzoni kazi ilikwenda mbio hata ikatisha. Kila mji ulijiimba. Wachoraji walipoziunganisha zile nyimbo, wakakuta kila mji uko katikati ya nchi, kila mji una bandari, ikiwemo miji ya milimani, na nchi yenyewe imekuwa kubwa kuliko bara zima. Majirani wa ng'ambo ya mpaka wakauliza kwa upole kama kuna vita inakuja. Ndipo Mheshimiwa Mlimbila alipotoa waraka: tangu sasa hakuna mji utakaosikilizwa habari zake wenyewe. Kila mji utaimbwa na jirani yake, kwa kuwa jirani ni shahidi asiye na upendeleo.

Ulikuwa waraka wa busara sana, na ungefaa katika nchi yoyote isiyokuwa na utani.

*

Sasa katika nchi hiyo palikuwa na mji mdogo ukiitwa Lukwambe, na jirani yake ukiitwa Nampindo, na watu wa miji hiyo miwili walikuwa watani tangu babu za babu zao. Mtu wa Nampindo akimkuta mtu wa Lukwambe sokoni alikuwa akimtukana kwanza, kisha wanauliziana hali. Harusi ya Lukwambe haikunoga mpaka watani waibe sufuria ya pilau. Na msiba haukuwa msiba bila wao: mtani ndiye aliyeigiza mwendo wa marehemu mbele ya wafiwa mpaka wakacheka huku wanalia, na mtani ndiye aliyejilaza ndani ya kaburi, akakataa kutoka mpaka apewe kuku. Jambo moja tu lilikuwa mwiko. Mtani hakumsifu mtani kwa dhati mbele ya watu. Siku atakapofanya hivyo, utani umekufa, na hakuna dawa ya kuufufua.

Huko Lukwambe aliishi fundi baiskeli mmoja, Kondo Matimbwa, mtu ambaye hakuwahi kumaliza kikombe cha chai akiwa amekaa. Angeanza kukaza spoku, akasikia kelele barabarani, akaenda kutazama na bisibisi mkononi, akarudi, akasahau alikuwa anakaza nini. Alimtunza mama yake, Bi Nambinga, ambaye macho yake yalikuwa yamefunga ukungu lakini masikio yake yalisikia mpaka minong'ono ya jikoni kwa watu.

Watu wa wizara walipofika Nampindo na vinasa sauti vyao, wakauliza nani anaijua Lukwambe, kinamama wote walimsukuma mbele Bi Somoe. Bi Somoe alikuwa manju wa ngoma wa Nampindo, mwanamke mrefu mwenye mwanya, na hapakuwa na mtu wa Lukwambe ambaye hakuwahi kuimbwa naye. Akafunga kanga kiunoni, akasafisha koo, akaanza:

*Lukwambe hakuna watu, kuna nyani wenye suruali,*
*Kisima chao kikombe, wanachotea kijiko,*
*Mpita njia shika mkia, ndio njia ya kwenda kwao!*

Kinamama wakaitikia kwa vigelegele. Watu wa wizara nao wakacheza kidogo, kwa kuwa ngoma ilikuwa tamu, kisha wakaandika kila neno kwa makini na kupiga mhuri.

*

Ramani mpya ilipobandikwa kwenye ukuta wa posta, Kondo alikuwa wa kwanza kuisoma. Aliisoma akiwa amesimama mguu mmoja, kama mtu anayetaka kukimbia lakini hajajua aende upande gani. Pale palipokuwa na Lukwambe palichorwa mti, na chini ya mti pameandikwa: *Lukwambe. Wakazi: nyani (wenye suruali). Maji: kikombe kimoja.*

Alicheka. Karibu kila mtu alicheka, na Bi Nambinga aliposomewa alicheka mpaka akapigwa mgongo. "Somoe kaniweza," alisema akifuta machozi. "Kaniweza kweli, mwizi wa kuku yule!"

Kicheko kilikwisha wiki hiyohiyo. Mwalimu wa shule akahamishwa, kwa maelezo kwamba hakusomea elimu ya wanyama. Zahanati ikaletewa chanjo ya kichaa cha mbwa. Kisha likaingia lori la serikali limejaa ndizi, na juu yake bwana nyamapori aliyevaa kofia pana, Bwana Ludoviki, akasimama katikati ya uwanja na kusoma amri. Lukwambe imetangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa. Wanadamu wowote watakaokutwa ndani yake wawe wameondoka kabla ya masika, wasije wakawasumbua nyani.

Kondo alipenya kwenye umati mpaka akafika mbele.

"Bwana mkubwa," akasema, "mimi ni mtu."

"Hakuna aliyekataa, mzee wangu."

"Nitazame basi. Nimevaa suruali!"

Bwana Ludoviki akatazama karatasi yake. "Ndiyo," akasema kwa upole. "Wimbo umeeleza. Wenye suruali."

"Nazungumza! Nazungumza na wewe hapa!"

"Na unazungumza vizuri, ndiyo maana serikali inataka kuwahifadhi. Kula ndizi, mzee."

Watu hawakuwa wamekula tangu asubuhi, na ndizi zilikuwa mbivu. Wakala. Bwana Ludoviki akaandika kwamba wanyama wamepokea chakula vizuri.

Kondo aliporudi nyumbani alizunguka ua. Akaenda mpaka chooni, akarudi bila kuingia. Akaanza kufungasha sufuria, akazifungua.

"Kaa chini, unanitia kizunguzungu," alisema mama yake.

"Wanatuhamisha, mama."

"Wamhamishe wanayemjua. Mimi sihami. Nimezaliwa hapa, nimezaa hapa, na Somoe amekwisha kuniahidi kaburi langu atalilalia mpaka mumpe jogoo mweupe. Sasa nikafie kwa watu wasionijua, anizike nani? Mtu atakayenililia kwa heshima?" Bi Nambinga alitema mate kwa uchungu. "Somoe ndiye aliyetuimba. Nenda kwa Somoe, akamwambie huyo mkubwa wenu kwamba ni utani. Hata mtoto anajua."

*

Kondo alipanda baiskeli, akakanyaga bila kupumzika hata mlimani, mpaka Nampindo. Alimkuta Bi Somoe anapeta mchele uani.

"Lo, nyani amekuja na baiskeli!" alipiga kelele Bi Somoe. "Karibu, karibu. Nikupe kiti au nikuonyeshe tawi?"

"Kiti chenyewe mmekiiba kwetu. Weka ungo chini, mwizi wa kuku, nina neno."

"Sema. Ila usiguse ukuta, una mikono michafu."

Akamweleza yote: mwalimu, chanjo, lori, amri ya kuhama. Bi Somoe alicheka mpaka habari zilipofika kwenye lori.

"Ndizi mbichi au mbivu?"

"Mbivu. Mtani, sichezi. Wameamini."

"Wameamini nini?"

"Kwamba sisi ni nyani."

Bi Somoe alitua ungo. Akamtazama Kondo usoni kwa muda, akingoja acheke, na Kondo hakucheka.

"Watu wazima na suti zao?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Wenye suti ndio wameamini zaidi."

"Basi twende. Nitawaambia ni utani, yaishe." Akasimama, akajikung'uta pumba. "Lakini sikia, Kondo. Hilo nitalisema. Usije ukaniomba zaidi ya hilo."

*

Makao Makuu ulikuwa mji wa lami na bendera, na katika jengo la wizara ramani mpya ilifunika ukuta mzima wa ukumbi. Kondo, ambaye hakuweza kungoja akiwa amekaa, alizunguka ukumbi huku akisoma. Aliona mji ambao watu wake hulala mchana. Aliona mji ambao wanaume wake huogopa kuku. Aliona Nampindo, *mji wa wezi*, umechorewa kituo cha polisi ambacho hakuna aliyekiomba. Kisha akautafuta mji aliokuwa amesimama ndani yake, akakuta karatasi nyeupe.

Karani aliyekuwa karibu akamnong'oneza. Makao Makuu hayakuwa na wimbo. Kujiimba kulikatazwa na waraka wao wenyewe, na miji ya jirani ilipoombwa kuimba, mmoja ulisema hauna sauti, mwingine ulisema hauna habari, na mzee mmoja wa mji wa tatu aliletewa kinasa sauti mdomoni akaanza kulia, akaomba asamehewe kwa lolote alilotenda.

Mheshimiwa Mlimbila akaingia, watu wakasimama, akakaa, watu wakakaa isipokuwa Kondo.

"Wananchi wa ramani!" akaanza kwa sauti yake nyembamba. "Wizara hii ni sikio. Na sikio hili ni pana, ni refu, na liko wazi. Toeni shida yenu."

Bi Somoe akasimama. "Mheshimiwa, ule wimbo wa Lukwambe ni wangu. Ulikuwa utani. Wale ni watu, tena ni watani wangu. Naomba uwaandike watu."

Mheshimiwa akafunua kitabu cha sheria, akakifunika. "Mama, serikali haiutambui utani. Katika sheria zetu maneno ya mwananchi ni ya aina mbili: ukweli na uchochezi. Wimbo wako ni upi?"

Kondo alikwenda dirishani, akarudi.

"Ukisema uchochezi," aliendelea Mheshimiwa kwa huruma, "chumba chako kiko tayari, na hakina dirisha. Ukisema ukweli, umeisaidia nchi."

"Mheshimiwa, si hiki wala kile. Ni utani!"

"Ngoja kwanza." Mheshimiwa akainama mbele, na sauti yake ikawa tamu. "Wewe ni mwimbaji mashuhuri. Makao Makuu yanahitaji wimbo. Mtukufu ataizindua ramani hii mwezi ujao, na siwezi kumwonyesha mahali peupe pale anapokaa. Tuimbie, nasi tutawatazama nyani wako kwa jicho la upendo."

"Niuimbe mji huu?" Bi Somoe aliuliza taratibu. "Ninavyojua kuimba mimi?"

"Kwa uhuru wote."

Bi Somoe akafunga kanga kiunoni. Kondo akamvuta mkono, akachelewa.

*Makao Makuu, mji mkubwa, milango yote ina walinzi,*
*Kila mlango mlinzi wake, ndani ya chumba hakuna mtu,*
*Ukimuuliza mwenye nyumba, mlinzi anakuuliza wewe!*

Yule karani alicheka. Kisha akageuza kicheko kuwa kikohozi, akakohoa mpaka akatolewa nje, na watu wa ofisini kwake wanasema bado anatibiwa.

Mheshimiwa alikuwa ameiva uso. "Huo ni uchochezi!"

"Na ule wa nyani?"

"Ule ni ukweli!"

"Lakini ni mdomo huohuo, Mheshimiwa!"

"Ndiyo maana nakuhurumia." Akajifuta jasho. "Nitasahau niliyoyasikia, kwa kuwa umekuja kwa miguu yako. Lakini Lukwambe itabaki ilivyo, labda jirani yake aimbe wimbo mwingine wa kuufuta ule wa kwanza. Uwe wa dhati. Usiwe na cheko wala kicheko, usiwe na kejeli, na uimbwe mbele ya mashahidi. Ukiwa nao, imba. Ukiwa huna, mlango ni ule."

*

Sasa hapo ndipo Kondo Matimbwa, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alipotulia. Alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, ambacho kilikuwa cha Katibu Mkuu, na hakuna aliyemwondoa.

Aliyaona yote mawili waziwazi. Upande mmoja mama yake amepakiwa juu ya lori na godoro lake. Upande wa pili barabara ya Nampindo, na watu wanapishana humo wakiamkiana vizuri.

"Somoe," akasema. Hakumwita mwizi wa kuku. "Usiimbe. Tutahama."

"Na mama?"

"Nitambeba."

"Mgongoni kwako umkalishe wapi, wewe usiyetulia?" Alijaribu kucheka, kicheko hakikutoka. "Umwambie nini akikuuliza amefika wapi?"

Kondo alitaka kumwambia neno baya, tusi lolote zuri la kumrudisha nyuma, na kwa mara ya kwanza hakulipata.

Bi Somoe akafungua kanga iliyokuwa kiunoni, akajitanda mabegani kama mtu aliyekwenda kwenye nyumba ya wakwe. Akaimba. Wimbo haukuwa na ngoma, na hakuna aliyejua mahali pa kuitikia.

*Lukwambe ni mji, una watu, watu wake ni waungwana,*
*Kisima chao kina maji, na maji yake ni matamu,*
*Kondo Matimbwa ni mtu mwema, na mama yake ana heshima.*

Mheshimiwa Mlimbila alitokwa na machozi. "Huo," akasema, "ndio wimbo!" Mihuri ikalia pa, pa, pa. Nyani wakafutwa, watu wakaandikwa, na kisima kikachorwa kikubwa kuliko kilivyo. Mwezi uliofuata ramani ilizinduliwa kwa mizinga. Makao Makuu hayakuonekana mahali pake, lakini yaliwekwa kwenye ufunguo wa ramani, kule pembeni, chini ya alama ya kituo cha reli na juu ya alama ya choo cha umma, na Mtukufu Rais alisema ramani hiyo imechorwa kwa upendo. Wimbo wa Bi Somoe ulitangazwa kuwa mfano wa kuigwa. Ulipigwa redioni kila asubuhi kabla ya taarifa ya habari, na shule zote ziliamriwa kuwasifu jirani zao namna hiyo.

*

Siku chache baada ya wimbo ule, Kondo na Bi Somoe walirudishwa kwa gari la wizara, wamekaa nyuma kwenye mabenchi, mmoja huku na mwingine kule. Gari lilirusharusha, na kila liliporusha Kondo alifungua mdomo.

"Sauti yako ile," alisema mwisho, "hata vyura wa Nampindo wangekuonea haya."

Bi Somoe alimgeukia taratibu. "Asante, Mzee Kondo. Nilijitahidi."

Kondo alingoja. Hakuna kilichofuata. Alihamia benchi la upande wa pili, akarudi, akasimama ameshika chuma mpaka wakafika.

Lukwambe walipokelewa kwa furaha. Mwalimu alikuwa amerudishwa, na mabango ya hifadhi yalikuwa yameng'olewa na watu wakapata mbao za kutosha mabanda mawili ya mbuzi. Kinamama walitaka kumbeba Bi Somoe juu juu, lakini walipomkaribia wakapunguza mwendo, wakamshika mkono mmoja mmoja, wakamshukuru. Naye akawaambia hakuna shida. Vijana wawili wa Nampindo waliokuwa wamekuja sokoni, ambao siku zote wangekuwa wamekwisha kuiba kitu, walisimama pembeni wakiuliza bei.

Kondo alimwongoza mgeni mpaka nyumbani. Bi Nambinga alikuwa kibarazani amekaa tayari. Alikuwa amesikia gari, akasikia hatua za watu wawili uani, akazijua zote. Alisogea ukingoni mwa kiti, akainua kidevu, na mdomo wake usio na meno ulikuwa umekwisha kuanza kutabasamu, kama mtu aliyeandaa jibu lake toka asubuhi.

Bi Somoe alipiga goti. Alikuwa amemletea sukari, imefungwa vizuri kwenye karatasi.

"Shikamoo mama. Hamjambo hapa nyumbani? Poleni na misukosuko."

Bi Nambinga alitega sikio, akingoja kilichobaki. Alingoja sana. Kuku walipita uani, mtu akaita mtoto nyumba ya pili, na bibi alikuwa bado amekaa ukingoni mwa kiti na kidevu juu.

"Kondo," akasema mwisho. "Sauti naijua. Lakini huyu ni nani?"

Kondo alitazama sukari mikononi mwa Bi Somoe. Hakuenda popote.

"Ni jirani, mama," akasema. "Ametoka Nampindo."

"Aa." Bi Nambinga akarudi nyuma kitini polepole. "Basi mpe mgeni kiti." Na akavuta kanga yake, akajifunika kichwa vizuri.